Kwa nini polisi wa Marekani hukunja mikono mbele ya makundi ya siasa kali yenye bunduki?

Mpiga Kasia #1
Wakuu salaam. Swali langu linatokana na video moja ya Charlottesville, Virginia, 12 Agosti 2017, siku wabaguzi weupe walipokusanyika kutetea sanamu ya Jenerali Lee, aliyeongoza jeshi la majimbo ya kusini yaliyotetea utumwa. Mtu wa Ku Klux Klan, kundi la kale la wabaguzi weupe, anachomoa bastola, anamwelekezea kijana mweusi na kufyatua. Hatua chache kutoka pale wamejipanga polisi wa jimbo nyuma ya vizuizi vyao. Hakuna anayesogea. Yule bwana anarudisha bastola na kujichanganya na wenzake.

Nataka mnieleweshe: ni sheria imewafunga mikono, ni woga, au mioyo yao iko upande ule?

Chumvi Nyingi #2
Naweka kigoda hapa. Wakili wa Kijiweni aitwe haraka.

Wakili wa Kijiweni #3
Nimefika. Mkuu Mpiga Kasia, anza na hili: katika majimbo mengi ya Marekani kubeba bunduki wazi barabarani si kosa. Askari wa Dar akimwona raia na bunduki begani ana sababu ya kumsimamisha papo hapo. Askari wa Virginia hana. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2008, kesi ya Heller, kwamba Marekebisho ya Pili ya Katiba yanampa mtu binafsi haki ya kuwa na silaha, na 2022, kesi ya Bruen, ikaongeza kuwa haki hiyo inatoka nje ya mlango wa nyumba.

Juu yake weka kesi ya Brandenburg ya 1969. Aliyeshitakiwa alikuwa kiongozi wa Klan, na mahakama ikasema maneno ya chuki hayaadhibiwi mpaka yawe ya kuchochea uvunjaji wa sheria hapo hapo, na yawe na uwezekano wa kuuzaa. Kwa hiyo mtu anayetukana kabila zima huku ana bunduki kifuani ametumia haki mbili kwa pamoja, na askari aliye mbele yake hana kosa la kuandika kwenye karatasi ya mashtaka.

Na sheria ya Virginia wakati ule haikuruhusu halmashauri ya mji kuandika kwenye kibali cha mkutano kwamba bunduki ni marufuku. Mamlaka hayo miji iliyapata Julai 2020, miaka karibu mitatu baada ya tukio.

Bint Mwambao #4
Wakili, nakuheshimu, lakini hapo umejibu swali jingine. Mpiga Kasia amesema mtu *alifyatua*. Kubeba kulikuwa kumekwisha, tayari kosa limetendeka mbele ya macho. Heller haimlindi anayemfyatulia mtu risasi mtaani.

Mji wenyewe uliagiza uchunguzi, ukaongozwa na Timothy Heaphy, mwendesha mashtaka wa zamani wa serikali kuu, na ripoti ikatoka Desemba 2017. Haisemi sheria iliwafunga. Inasema mpango ulikuwa mbovu. Polisi wa mji na polisi wa jimbo walikuwa kwenye masafa tofauti ya redio, hawasikilizani. Askari walitoka na sare za kawaida. Helmeti na ngao ziliwekwa kando, ikabidi waache nafasi zao waende kuzivaa wakati ngumi zimeshaanza. Vizuizi walivyosimama nyuma yake viliwalinda wao, si watu.

Na lile linaloniumiza mimi: barabara ya Fourth Street ilikuwa imefungwa kwa ulinzi wa askari mmoja wa kike, ambaye kazi yake ya kila siku ni kulinda shule. Fujo zilipomzunguka akaomba kwa redio atolewe. Akaruhusiwa. Hakuna aliyetumwa badala yake. Kikabaki kizuizi cha mbao cha miguu minne, mfano wa kile seremala anachowekea ubao wa kukata. Saa saba na dakika 42 mchana gari likashuka barabara hiyo hiyo, likawavamia waandamanaji na kumuua mwanamke wa miaka 32.

Fundi Antena #5
Suala la redio msilipite haraka. Vikosi viwili vya mamlaka tofauti vikikutana, redio zao haziongei mpaka mtu apange mapema masafa ya pamoja, ayaingize kwenye kila redio na wayajaribu asubuhi kabla ya kazi. Isipofanyika, kamanda wa kikosi A akisema "ingieni", kikosi B kinaona tu watu wanakimbia. Askari asiyejua mwenzake yuko wapi hatoki nyuma ya kizuizi. Kwa mtazamaji wa video huyo anaonekana hajali.

Vifaa navyo hivyo hivyo. Tarehe 6 Januari 2021, umati ulipovamia Capitol, jengo la Bunge la Marekani, mkaguzi wa ndani wa Polisi wa Bunge alikuta baadhi ya ngao zilihifadhiwa kwenye trela lisilodhibiti joto. Plastiki ya ngao ikikaa kwenye joto na baridi kwa zamu hupoteza unyumbufu, na siku ile zilipasuka zilipopigwa. Ngao nyingine zilikuwa zimefungiwa ndani ya basi, na askari waliozihitaji hawakuweza kuzifikia.

Nyuki wa Tabora #6
Redio, ngao, basi. Ndugu zangu, mbona redio haziharibiki wakiandamana weusi? Mwaka 1967 Black Panther, chama cha weusi cha kujihami, waliingia na bunduki Bunge la California, Sacramento, kihalali kabisa, na ndipo gavana Reagan akatunga sheria ya Mulford ya kuzuia kubeba silaha zilizojazwa risasi hadharani. Serikali iliweza. Ilikosa nia tu.

Mzee wa Gati #7
Nyuki, hoja yako ina uzito ila panga tarehe vizuri. Muswada wa Mulford ulikuwa tayari bungeni *kabla* ya Panther kuingia Sacramento tarehe 2 Mei 1967. Ulitungwa kwa ajili ya doria zao Oakland, walipokuwa wakiwafuata polisi na bunduki mkononi na kitabu cha sheria. Walikwenda Sacramento kuupinga. Reagan aliutia sahihi Julai, na chama cha wenye bunduki, NRA, kiliuunga mkono. Ukiipanga hivyo hoja yako inazidi nguvu.

Nyuki wa Tabora #8
Nimepokea, mzee. Shukrani.

Mzee wa Gati #9
Sasa niwapeleke Greensboro, North Carolina, Jumamosi tarehe 3 Novemba 1979, maana bila Greensboro mjadala huu unakuwa umeanzia katikati.

Chama kidogo cha wakomunisti kiliandaa maandamano ya kupinga Klan, mahali pa kukutania ni Morningside Homes, mtaa wa nyumba za serikali wenye wakazi weusi. Polisi wakatoa kibali kwa sharti kwamba waandamanaji wasije na silaha.

Polisi walikuwa na mtu wao ndani ya Klan, Edward Dawson, wakimlipa kwa habari. Dawson akaenda kituoni, akaomba nakala ya kile kibali, akapewa. Ndani mna mahali pa kuanzia. Asubuhi ya siku yenyewe akawaarifu polisi kuwa watu wa Klan na Manazi wamekusanyika na wana bunduki. Msafara wa magari tisa ukaondoka, na nyuma yao gari la kachero likiwafuata na kupiga picha. Hawakusimamishwa. Vikosi vya ulinzi vilikuwa vimeagizwa kuwa mahali pao saa tano na nusu, na baadhi ya askari walikuwa wameachiwa waende kula. Risasi zilianza saa tano na dakika 23.

Bunduki ndefu zilikuwa kwenye buti la moja ya magari ya nyuma. Wanaume walishuka, wakafungua buti, wakagawana. Sekunde 88. Watano wamekufa. Kamera za televisheni zilikuwepo, kwa hiyo kila sekunde ipo kwenye filamu. Baadhi ya waandamanaji walikuwa na bastola wakajibu, na hapo ndipo mawakili wa utetezi waliposhika: kujihami. Baraza la wazee wa mahakama, wote weupe, likawaachia huru 1980. Shauri la serikali kuu, 1984, wakaachiwa tena. Mwaka 1985 shauri la madai ndilo lililowagusa: maofisa wawili wa polisi, Dawson, pamoja na watu wa Klan na Manazi walikutwa na dhima ya kifo *kimoja* kati ya vitano, na mji ukalipa kama dola 350,000 kwa niaba ya wote. Halmashauri iliomba radhi mwaka 2020.

Chumvi Nyingi #10
Mji ulilipa hadi fungu la Klan?

Mzee wa Gati #11
Ndiyo. Fedha ya walipa kodi, wakiwemo wakazi wa Morningside.

Mtutu Baridi #12
Mzee wa Gati, hayo ni ya 1979. Sababu ya leo ni nyingine, na inaitwa Waco. Tarehe 28 Februari 1993 maofisa wa ATF, shirika la serikali kuu la silaha, walikwenda kupekua makazi ya dhehebu moja Texas, wanne wakauawa siku ya kwanza. Mzingiro ukachukua siku 51, ukaishia kwa moto na watu 76 wamekufa. Mwaka mmoja kabla kulikuwa na mzingiro wa Ruby Ridge, Idaho, na chanzo chake kilikuwa bunduki mbili za marisau zilizokatwa mtutu chini ya kipimo cha kisheria cha inchi 18. Tarehe 19 Aprili 1995, siku ya kumbukumbu ya moto wa Waco, bomu likaua watu 168 Oklahoma City.

Tangu hapo makamanda wanafundishwa subira. Tazama Bunkerville, Nevada, Aprili 2014: mfugaji Cliven Bundy anadaiwa ada ya malisho inayozidi dola milioni moja, serikali inakuja kukamata ng'ombe, wanamgambo wanajipanga hadi juu ya daraja la barabara kuu wakiwa na bunduki. Serikali ikaachia ng'ombe ikaondoka. Hakuna aliyekufa siku ile.

Bint Mwambao #13
Na miaka miwili baadaye wanawe Bundy wakateka ofisi za hifadhi ya Malheur, Oregon, kwa siku 41. Subira isiyofuatiwa na mashtaka ya haraka ni somo kwa upande wa pili: wamejua kwamba bunduki zikiwa nyingi serikali inarudi nyuma.

Mtutu Baridi #14
Mashtaka yalifuata, dada. Kesi ya Bunkerville ilifutwa Januari 2018 kwa sababu waendesha mashtaka waliwaficha washitakiwa ushahidi. Hapo lawama si ya askari.

Nyuki wa Tabora #15
Subira hiyo ina rangi. Kenosha, Wisconsin, 25 Agosti 2020: usiku wa maandamano dhidi ya polisi, Rittenhouse, kijana mweupe wa miaka 17, amevuka mpaka wa jimbo na AR-15, bunduki ya mtindo wa kijeshi, polisi wanawagawia yeye na wenzake maji na kuwashukuru kwa kuwepo. Anaua wawili, anamjeruhi wa tatu, anatembea kuelekea magari ya polisi mikono juu na bunduki inaning'inia kifuani. Magari yanampita.

Mtutu Baridi #16
Maji na magari ni kweli. Bunduki haikuvuka mpaka. Alivuka yeye kutoka Illinois. Bunduki ilinunuliwa na rafiki yake huko huko Wisconsin na ilitunzwa Kenosha.

Na lipo jambo la urefu wa mtutu. Sheria ya Wisconsin inamkataza aliye chini ya miaka 18 kubeba silaha ya hatari, lakini ina kifungu cha pembeni kilichoandikwa vibaya: kwa bunduki ndefu, katazo linamgusa wa miaka 17 pale tu mtutu unapokuwa mfupi kuliko kipimo, yaani inchi 16 kwa rifle, kama sentimita 40. Upande wa mashtaka ulikiri mtutu haukuwa mfupi, jaji akalifuta shtaka kabla wazee wa baraza hawajaingia kujadili. Novemba 2021 akaachiwa kwa yaliyobaki, kwa hoja ya kujihami. Askari wa usiku ule hata angetaka kumkamata kwa umri wake, kosa lenyewe lingekuja kufa mahakamani.

Nyuki wa Tabora #17
Nakubali kuhusu mpaka. Lakini polisi hawakumuuliza umri. Hawakupima mtutu. Waligawa maji.

Wakili wa Kijiweni #18
Kitu ambacho watu wengi wa kwetu hawakijui: polisi wa Marekani hawana wajibu wa kikatiba wa kumlinda raia fulani dhidi ya raia mwingine. Mahakama ya Juu ilisema hivyo kesi ya DeShaney, 1989. Castle Rock dhidi ya Gonzales, 2005: mama ana zuio la mahakama dhidi ya mumewe, watoto watatu wa kike wamechukuliwa, anapiga simu polisi mara kwa mara usiku kucha, hawatendi. Mume akawaua watoto wote. Mahakama ya Juu ikasema mama hana haki ya kudai fidia kwa msingi wa katiba kwamba zuio halikutekelezwa. Askari akitenda vibaya anaweza kushitakiwa. Asipotenda kabisa, mara nyingi yuko salama. Kamanda yeyote anaijua hesabu hiyo.

Mama Faili #19
Nyote mnaongelea mtaani siku ya tukio. Uzembe mkubwa zaidi hutokea mezani, kwenye karatasi, miezi kabla.

Buffalo, New York, 14 Mei 2022: kijana wa miaka 18 aliyejaa itikadi ya ukuu wa weupe aliua watu weusi kumi kwenye duka la vyakula. Juni 2021 alikuwa ameandika kwenye zoezi la shule kwamba mpango wake baada ya kuhitimu ni kuua kisha kujiua. Polisi wa jimbo walimpeleka hospitali kupimwa akili, akarudi nyumbani. Kupimwa si sawa na kulazwa kwa amri, kwa hiyo jina halikuingia kwenye mfumo wa ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki. Akaenda dukani, akajaza fomu namba 4473 ya mnunuzi wa bunduki, akapita, akanunua rifle ya Bushmaster iliyotumika. New York magazini, yaani kasha la risasi la bunduki, haizidishi risasi kumi, na ile bunduki ilikuwa na kufuli la kuzuia magazini isitolewe. Akaling'oa, akaweka magazini za risasi 30.

Chumvi Nyingi #20
New York hawakuwa na ile sheria ya kumnyang'anya mtu silaha kabla hajadhuru?

Mama Faili #21
Walikuwa nayo tangu Agosti 2019. Utaratibu wake ni mwepesi: askari, mwendesha mashtaka, mtu wa familia au mkuu wa shule anapeleka ombi mahakamani, jaji anaamua siku ile ile kama atoe amri ya muda, kati ya siku tatu na sita za kazi kunakuwa na shauri la pande zote, amri kamili inadumu hadi mwaka mmoja. Amri ikitoka, duka likipiga kuuliza linajibiwa hapana. Hakuna aliyejaza ombi. Siku nne baada ya mauaji gavana akaamuru polisi wa jimbo *lazima* waombe wanapokuwa na sababu ya kuamini mtu ni hatari. Kabla ya hapo ilikuwa hiari.

Charleston, 2015, waumini tisa weusi kanisani: karatasi tena. Muuaji alikuwa na rekodi ya kukamatwa kwa dawa za kulevya ambayo ingemzuia. Mkaguzi wa FBI akaulizia kaunti isiyo yake, hakupata faili. Sheria ya shirikisho inasema siku tatu za kazi zikipita bila jibu, muuzaji anaruhusiwa kuuza. Akauziwa.

Odhis wa Ziwa #22
Wadau, huku Kenya leseni ya bunduki inaombwa na sababu inatolewa, si haki ya kuzaliwa. Kwa hivyo niulize cha msingi: polisi wa Marekani wakiokota bunduki, si wanaingiza namba kwenye kompyuta jina linatoka?

Mama Faili #23
Halitoki. Sheria ya 1986 inaipiga marufuku serikali kuu kuwa na daftari la wenye bunduki. Polisi wanatuma namba ya bunduki kwenye kituo cha ATF, Martinsburg, West Virginia. Karani anamuuliza mtengenezaji: hii mlimuuzia nani? Anatajiwa muuzaji wa jumla. Anamuuliza wa jumla, anatajiwa duka. Duka linafungua makabati linatafuta fomu 4473 ya mnunuzi wa kwanza. Duka likiwa limefungwa biashara, makaratasi yake yamo Martinsburg kama picha, na haziruhusiwi kutafutwa kwa jina. Mnunuzi wa kwanza akiwa amemuuzia jirani mkono kwa mkono, kwa sheria ya shirikisho hakuna karatasi yoyote na njia inaishia hapo. Hata rekodi ya ukaguzi uliofaulu inatakiwa kufutwa ndani ya saa 24.

Fundi Antena #24
Kwa hiyo polisi akiambiwa "kundi fulani linajikusanyia silaha" hana pa kuhesabia.

Mtutu Baridi #25
Ana pa kuanzia kama anataka. Mnasema hawatendi, haya: Michigan, Oktoba 2020, watu 14 walishitakiwa kuhusiana na njama ya kumteka gavana Gretchen Whitmer. FBI walikuwa na watoa habari ndani miezi kadhaa. Viongozi wawili wamefungwa, mmoja miaka 16, mwingine zaidi ya 19. Richmond, 20 Januari 2020, watu wapatao 22,000, maelfu na bunduki: gavana alipiga marufuku silaha kwenye viwanja vya bunge, kukawa na lango moja lenye mashine za kukagua, waliotaka kuingia wakaacha bunduki nje. Siku nne kabla FBI walikuwa wamekamata watatu wa The Base, kundi la ukuu wa weupe. Siku ikaisha bila risasi.

Wakili wa Kijiweni #26
Na katika kesi hizo za Michigan watano waliachiwa huru, na utetezi ulidai watoa habari walisukuma sana. Kila upande una hofu yake.

Bint Mwambao, narekebisha niliyosema #3 nilipodai askari hana kosa la kuandika. Majimbo yote 50 yana kifungu, cha katiba au cha sheria, dhidi ya jeshi binafsi, na Mahakama ya Juu ilishakubali hilo 1886, kesi ya Presser. Hakitumiki, basi. Baada ya 2017 mji wa Charlottesville na wafanyabiashara walikitumia mahakama ya madai, na makundi yakafungwa na amri ya kutorudi pale watu wawili au zaidi wenye silaha kwa mpangilio wa pamoja. Raia walifanya kwa karatasi kile ambacho polisi hawakukifanya.

Bint Mwambao #27
Ahsante, Wakili. Sasa hapo tunaelewana.

Nyuki wa Tabora #28
Kuna jambo la masherifu. Sherifu wa kaunti anachaguliwa kwa kura, na kuna vuguvugu lao, lilianzishwa na Richard Mack mwaka 2011, linaloamini sherifu ana mamlaka ya kukataa sheria ya bunduki anayoiona inavunja katiba. Mack huyo huyo ni miongoni mwa walioshinda kesi ya Printz, 1997, kwamba serikali kuu haiwezi kuwalazimisha masherifu kufanya ukaguzi wa wanunuzi. Wapiga kura wake ndio hao hao wenye bunduki. Atamkamata nani?

Mpiga Kasia #29
Nimesoma yote. Lansing, 30 Aprili 2020, watu waliingia jengo la bunge na bunduki baada ya kupimwa joto la mwili mlangoni kwa ajili ya korona, na bango la maandamano ndilo lililokuwa haliruhusiwi ndani. Naona kila mmoja wenu ana kipande. Lakini yule wa bastola wa #1, aliishia wapi?

Mama Faili #30
Alikamatwa wiki mbili baadaye, kwa sababu video ilisambaa. Alifungwa miaka minne, 2018. Shtaka halikuwa la kujaribu kuua, wala la kumtishia yule kijana. Lilikuwa la kufyatua bunduki ndani ya futi 1,000 za shule, kama mita 300.

Bint Mwambao #31
Ilikuwa Jumamosi, tena Agosti. Kama shule ile ingejengwa mtaa wa nyuma kidogo?